Yahusu: karo (vigae vya sakafu), marumaru na balatumu (mkeka wa plastiki wa kubandika sakafuni) mliyoniwekea Kyeshero

Kyeshero, Goma

Kwa Bwana Mkurugenzi, na kwa wote wanaosaini fakitire, yaani ankara, kwa niaba yake,

Salamu kwanza, maana nililelewa kumsalimu hata mtu aliyenikosea.

Fakitire mnayo, namba yake nimeiandika juu ya bahasha. Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, mliyachapa wenyewe kwa herufi ndogo nyuma ya karatasi hiyo, pamoja na ule mstari wa garanti ya mwaka mzima kwa kazi ya mafundi wenu. Kwa hiyo sitapoteza wino kueleza nilichukua nini na kwa bei gani. Nililipa yote kabla fundi wenu wa kwanza hajashusha ndoo yake. Hilo linatosha.

Ninachoomba si kikubwa. Mbadilishe karo za salo (sebule) na za barza, mng'arishe upya marumaru ya mlangoni na ya ngazi, mng'oe balatumu ya vyumba vya kulala na kuiweka tena wakati sakafu imekauka. Basi.

Nianze na karo. Fakitire inasema gre serame, yaani karo ngumu ya sakafu iliyochomwa hadi ikashikana, sentimita 60 kwa 60. Ninyi mnaoagiza makontena mnajua kwamba karo ya namna hiyo, kwa kipimo cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, hainywi maji kupita asilimia 0.5 ya uzito wake. Kipande kimoja kilichovunjika nilikigeuza, nikadondoshea maji mgongoni kwa kijiko. Tumbo lake jekundu. Tone halikukaa, lilinywewa papo hapo, likabaki doa la unyevu linalozidi kupanuka. Hiyo si gre serame, Bwana Mkurugenzi. Ni udongo mwekundu uliopakwa rangi juu, wa kubandika ukutani kwenye dushi, tena wa bei nusu ya mliyonitoza.

Na ubavuni mwa katoni, kwa wanaojua kusoma, kumeandikwa PEI II. PEI ni kipimo cha rangi ya karo kuhimili kukanyagwa, na ngazi zake zinapanda hadi 5. Ya pili ni ya chumba cha kulala, mahali pa miguu mitupu na kandambili. Ninyi mko Goma kama mimi. Hamjui kuna nini nje ya kila geti la mji huu? Changarawe nyeusi ya volkano yetu ya Nyiragongo inaingia na kila kiatu, na ikikanyagwa juu ya rangi laini inafanya kazi ya msasa. Nilimwambia muuzaji wenu, kwa kinywa changu, kwamba barabara yangu haina lami na watoto wanapitia salo kwenda jikoni. Akanijibu, "Mama, hii ndiyo wakubwa wote wanachukua." Leo ukiinama pale mlangoni, mwanga wa dirisha ukiwa mbele yako, unaona njia nzima ya miguu imefifia hadi jikoni, pembeni karo bado zinang'aa.

Halafu rangi. Kila katoni ina namba ya rangi na namba ya kipimo halisi, kwa sababu tanuri halitoi karo zinazofanana leo na kesho. Kazi ya depo yenu ni kuhakikisha mteja anapewa namba moja. Mimi nilipewa mchanganyiko. Nusu ya salo ni nyeupe ya baridi, nusu ni nyeupe inayovuta manjano, na kwa kuwa hata vipimo vinapishana, mistari ya simenti nyeupe inaanza kupinda chini ya dirisha na haijirudi tena.

Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema dukani kwenu, kwa upole. Nilileta karo moja nzima iliyobaki, nimeifunga ndani ya kitenge, pamoja na ubavu wa katoni wenye namba zote. Nikapanga foleni. Mkubwa wenu wa mauzo aliipokea ile karo, hakuigeuza, hakuisoma. Aliiweka juu ya kaunta, akatua juu yake glasi yake ya chai, akaendelea kuongea na simu. Alipomaliza, akaniambia mbele ya wateja: "Mama, karo haina shida. Shida ni watu waliozoea nyumba ya mbao. Wakipewa karo hawajui kukaa nayo."

Watu wakacheka.

Nyumba ya mbao, Bwana Mkurugenzi! Hapa Goma! Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, wangapi walibaki na nyumba ya matofali? Wazazi wa huyo kijana, kama ni watu wa hapa, walilala wapi mwaka ule? Mama yangu alijenga ya mbao juu ya mawe ambayo yalikuwa hayajapoa vizuri, na sakafu yake ya mbao aliipanguza kila asubuhi kabla hatujaamka. Sisi hatuna cha kufundishwa na mtu anayefanya karo ya mteja kuwa sahani ya glasi.

Lakini nimeruka mambo. Kabla ya hapo kulikuwa na siku ya asidi.

Mafundi wenu walimaliza ngazi wakaacha ukungu wa simenti juu ya marumaru. Ukungu huo ungefutwa siku ileile kwa sponji na maji safi, kabla haujakauka. Wao walikwenda kula. Waliporudi, mmoja akatoa chupa ya ile asidi ya kusugulia choo na kuimwaga moja kwa moja juu ya jiwe. Nilikuwa jikoni, nikasikia mchemko. Nilipofika povu lilikuwa linateremka ngazi. Nikapiga kelele. Akanijibu, "Mama, ndiyo inasafisha hivyo." Marumaru ni jiwe la jamii ya chokaa, asidi haiisafishi, inaila. Huhitaji kuwa injinia kulijua hilo, na kampuni inayouza marumaru haina pa kujificha. Sasa kila mahali chupa ilipopita mng'ao umekufa, na ukipitisha kiganja unahisi ngozi ya jiwe imekwaruka. Hiyo haiondolewi kwa nta wala kwa mafuta. Ni mashine, diski za almasi kutoka nzito hadi laini, kisha dawa ya kuziba vitundu vya jiwe, ambayo nayo iko kwenye fakitire yangu na haikupakwa kamwe. Nilijuaje? Nilidondosha maji juu yake. Jiwe lilibadilika rangi palepale.

Na kama asidi haikutosha, mliniachia karatasi ya maelekezo: "Sakafu zote zioshwe kwa siki au ndimu kuondoa mabaka meupe." Zote? Ni kweli maji yetu ya ziwa yana madini mengi, yakikauka sakafuni yanaacha weupe. Dawa yake ni kufagia changarawe kwanza kwa fagio laini, kupanguza kwa sabuni isiyo kali wala chachu, kisha kukausha kwa kitambaa kabla maji hayajajikausha yenyewe. Siki kidogo juu ya karo, ukisuuza haraka, inaweza kupita. Juu ya marumaru ni ileile asidi ya fundi wenu, polepole tu. Na ile simenti ya katikati ya karo nayo inaliwa. Ni wateja wangapi wa mji huu wanaoharibu ngazi zao kila Jumamosi kwa utii wa karatasi yenu?

Balatumu sasa. Chapa ya chini, ile simenti ya kusawazisha sakafu, ilikuwa mpya, unene wa sentimita 5. Hesabu ya mafundi wote ni kwamba inakauka milimita moja kwa siku, na hiyo ni mahali penye hewa kavu, si Kyeshero wakati wa mvua. Karibu miezi miwili, basi. Wenu walikuja na gundi wakati pembe za chumba bado zina weusi wa maji. Niliwaomba jambo dogo: bandikeni kipande cha nailoni sakafuni, mfunge kingo kwa skochi (utepe wa gundi), mkiache hadi kesho, kikitoka jasho chini msubiri. Walicheka. Walikuwa na shantie nyingine, kazi ya ujenzi mahali pengine. Leo balatumu imevimba kama ngozi iliyoungua, viungo vimenyanyuka, na ukifungua mlango asubuhi unapokelewa na harufu ya uvundo. Mtoto wangu mwenye pumu nimemhamishia salo, kwenye karo zenu za rangi mbili.

Na ile zawadi! Mlinipa kizulia cha mlangoni chenye mpira chini, mkasema ni shukrani kwa mteja mwema. Muuzaji wa balatumu asiyejua kwamba mpira unaiunguza balatumu na kuacha manjano ambayo hayafutiki, anauza nini hasa? Nimekinyanyua. Mraba wa manjano uko pale, mistari yake imenyooka kuliko mistari ya karo zenu.

Niongeze kwamba nilizunguka salo nikigonga karo kwa ufunguo. Nyingi zinalia utupu. Ile iliyopasuka chini ya mguu wa friji tulipoibandua, tukakuta matonge ya gundi, moja kila kona na moja katikati, kwingine hewa tupu. Garanti ya kazi, mlisema.

Narudi kwenye kaunta, kwa sababu usiku nikikosa usingizi ndiko ninakorudi. Aliweka glasi juu ya karo yangu. Nikangoja. Nikasema, "Baba, naomba uisome namba hapa," nikimwonyesha ule ubavu wa katoni. Nilimwita baba, kijana ambaye ningeweza kumzaa. Aliuchukua ule ubavu, akaukunja mara mbili, akaupeleka chini ya kaunta ulipo mtungi wa takataka. Ushahidi wangu. (Picha ninayo, msihangaike kuutafuta.) Ndipo akasema maneno yale ya nyumba ya mbao, tena hakusema kwa hasira, alisema akitabasamu, akiwaangalia wengine ili wacheke. Wakacheka. Mmoja wao ninasali naye. Habari ilifika Kyeshero kabla yangu.

Nilipoomba karo yangu, alinyanyua glasi, akanywa iliyobaki bila haraka, na duara la chai ya sukari likabaki juu ya karo. Akanisukumia hivyohivyo. Akamwita askari: "Msindikize mama." Askari yule alikuwa na haya kuliko wote waliokuwa mle ndani. Aliipangusa karo kwa mkono wa shati lake, akaibeba hadi barabarani, akanisimamishia pikipiki. Huyo msimguse. Nikisikia amefukuzwa kwa ajili ya barua hii, tutakuwa na jambo lingine la kuongea.

Tangu siku hiyo ninaandika kwenye WhatsApp yenu. Alama zinageuka buluu. Mnasoma, mnanyamaza.

Juu nimeandika kwamba ninachoomba si kikubwa. Nimeisoma tena barua yangu na naona niliwahurumia mno. Sitaki tena mafundi wenu waingie kwangu, hata kuchukua ndoo waliyoisahau. Nataka pesa zangu zote: za karo, za marumaru, za balatumu, na za kazi. Mtalipa fundi nitakayemchagua mwenyewe kwa kung'oa, kwa kukausha, na kwa mashine ya kung'arisha ngazi. Mtalipa nyumba ya kupanga kwa muda wote ambao yangu haitakalika. Ile karatasi ya siki mtaiondoa kwa kila mteja, mtoe nyingine kwa Kiswahili ambacho kila mama anasoma, inayotenganisha karo, jiwe na balatumu. Na mkubwa wenu wa mauzo ataniomba msamaha pale pale kwenye kaunta, Jumamosi saa tano, duka likiwa limejaa, akiwa amesimama na bila glasi.

Nawapa siku 15 kuanzia siku mtakayosaini kupokea barua hii. Siku ya 16, kipande chenye tumbo jekundu, pamoja na picha ya katoni na fakitire inayosema gre serame, vitakwenda OCC, ofisi ya Kongo ya kukagua bidhaa, ili watuambie nani alikagua nini. Nakala nyingine iko kwa wakili wangu, ambaye amenisomea kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya madai: anayemtia mwenzake hasara kwa kosa lake anawajibika kuilipa. Ni sheria ya tangu 1888, hamwezi kusema haijawafikia.

Na kama mnadhani mama wa nyumba ya mbao anaogopa korti, sawa, korti ingoje. Karo nitazing'oa mwenyewe na kuzipanga mbele ya duka lenu, za rangi hii upande huu na za rangi ile upande ule, kila moja na bei yake, nikae hapo kwenye kiti changu tangu mnapofungua hadi mnapofunga. Kila atakayeuliza nitamjibu, naye nitamwachia kijiko na maji ajaribu mwenyewe.

Msinitumie mtu na ndoo ya rangi wala kitenge cha zawadi. Malipo yawe kwa dola, mkononi, mbele ya wakili wangu. Na noti ziwe nzima, bila kona iliyochanika wala alama ya kalamu. Nitazikagua moja moja kwenye mwanga, kama ninyi mlivyozikagua zangu.

Kwa heshima iliyobaki,

Mteja wenu wa Kyeshero
(sahihi, na namba ya simu ambayo mnayo)