Uzito peke yake hauzamishi kitu

Mhariri,

Mjukuu wangu wa Gredi ya 5 alirudi na daftari lenye alama ya kosa. Swali: kwa nini msumari huzama? Yeye kaandika, "Ni mzito kuliko maji ya ukubwa wake." Jibu hilo likakatwa, juu yake pakaandikwa kwa wino mwekundu: "Kwa sababu ni mzito." Nimeunda mashua hapa Matondoni zaidi ya miaka 30, na wino ule umeniuma.

Msumari mmoja huzama. Jahazi lenye mamia ya misumari hiyo, mbao na shehena ya saruji juu yake, laelea. Watoto wa Lamu huyaona haya kabla ya kujua kusoma.

Jioni nilimchukua hadi pwani na kopo tupu la maziwa ya unga. Tukatia konzi ya mchanga lisipinduke, tukaliweka majini likaelea. Kila tulipoongeza mchanga likashuka, naye akachora kwa mkaa pale maji yalipofika. Kisha tukamwaga mchanga wote, nikaliponda kopo kwa nyundo hadi likawa bapa, halina pa kuficha hewa. Bati ni lilelile, halikuongezeka wala kupungua. Likazama. Mtoto akanyamaza, halafu akasema, "Babu, limekosa tumbo la kusukuma maji."

Ndivyo. Archimedes alilieleza jambo hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: maji hukisukuma kitu juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa. Kwa hiyo chombo kilichopakiwa baharini kikiingia Mto Tana pale Kipini hudidimia zaidi. Lita 1 ya maji ya bahari ina gramu kama 1,025, ya mto 1,000 tu. Maji matamu lazima yaondolewe mengi zaidi ili yabebe mzigo uleule. Nahodha asiyelijua hili atapakia kupita kiasi.

Simlaumu mwalimu, huenda naye alifundishwa vivyo hivyo, kwa chaki bila maji. Namwomba alete darasa lake. Bamvua lijalo, maji yakijaa sana, tunashua mashua ya futi 28. Kila mtoto aje na kipande cha mkaa, akisie maji yatafika wapi ubavuni, aweke alama yake, ndipo tuisukume majini.

Fundi wa mashua,
Matondoni, Lamu