Kabla hujalipia lile tela

Nyegezi, Mwanza
14 Februari 2026

Deusi ndugu yangu,

Mwangaluka! Sisi huku wazima, shemeji yako anakusalimu sana. Picha za tela la kulala nimezipata, nimezitazama mpaka usiku. Ni zuri kweli, na vitanda vinne si mchezo kwa mtu mwenye watoto kama wako. Ila nakuomba usitoe hata shilingi kabla hujaisoma barua hii yote.

Nikuulize jambo moja kwanza. Ukishalifunga tela hilo kwenye ndoano ya pikapu, boti yako utaivuta na nini? Pikapu ina ndoano moja tu. Umeniandikia habari za kuvua sangara na habari za kulala porini kana kwamba ni safari moja, na kwa tela hilo zitakuwa mbili.

Ndiyo maana mimi nikachagua kijumba cha kubebwa. Hakina tairi wala ekseli. Kinakaa ndani ya bodi ya pikapu, pale pa mizigo, kichwa chake kinatokeza juu ya kebini, na humo kichwani ndimo kitanda kilipo. Wamarekani na Wakanada wanavyo miaka mingi, wananunua vilivyo tayari. Changu kimeundwa na fundi wa hapa mtaani kwa chuma cha mraba, plaiwudi na bati la alumini. Kinafungwa kwa minyororo pembe nne, na nyuma ndoano inabaki huru kwa boti.

Uzuri wake unaonekana zaidi siku nisiyosafiri. Kazi yangu ya pampu unaijua: juma zima pikapu inabeba mabomba na paneli za sola. Nikirudi nyumbani nateremsha zile jeki nne za pembeni, kila moja naikalisha juu ya kipande cha ubao isizame kwenye mchanga, nazungusha kidogo kidogo kwa zamu, pembe hii kisha ile, mpaka kijumba kinaachana na bodi. Halafu naiondoa pikapu polepole chini yake. Kinabaki kimesimama kwa miguu yake uani, na mwanangu mkubwa anajisomea humo. Kesho yake nabeba saruji kwa pikapu ileile.

Tela nalo nimelijua kwa vitendo. Mwaka 2024 niliazima moja kwenda Ukerewe kwa njia ya Kisorya. Pale kivukoni nikaambiwa niingie kwa kurudi nyuma. Unajua tela: ukikata usukani kushoto, lenyewe linaelekea kulia. Mara ya tatu likajikunja, pembe yake ikavunja taa yangu ya nyuma. Akina mama wenye ndoo za dagaa wamesimama juani wananisubiri mimi. Mwisho vijana wakalifungua, wakalisukuma kwa mikono mpaka ndani, likachukua nafasi ya gari zima peke yake. Niliona uchungu, si kwa taa, ni kwa wale waliocheleweshwa. Desemba iliyopita nimevuka palepale na kijumba mgongoni, nikaingia kama pikapu nyingine yoyote.

Halafu umesema unataka kuwapeleka watoto Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Upande ule kuna udongo mweusi wa mbuga, tunaoujua wote tuliolima Usukumani. Mvua ikinyesha, tela linageuka nanga. Kijumba uzito wake unakaa juu ya tairi za nyuma zinazosukuma gari, zinapata kushika.

Sasa nikueleze na ubaya wake, maana si haki nikufiche. Pikapu kama Hilux inabeba kama tani 1, na humo hesabu watu, mizigo na kijumba chenyewe. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 80 limekula kilo 80 kabla hujaweka mtungi wa gesi. Mimi mwanzoni niliweka kabati la mninga. Tulipopima mizani nililing'oa siku hiyohiyo. Uzito wa kijumba lazima uangukie mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Ukiangukia nyuma yake, pua ya gari inapunguza kukanyaga na usukani unakuwa mwepesi kwa namna ya kutisha. Kona uziingie taratibu, upepo wa ziwani unakipiga ubavuni, na matawi ya miembe yanakwaruza paa.

Na nafasi ni ndogo. Tunalala watu wawili, watatu kwa kubanana. Watoto wako watapiga hema pembeni. Hapo tela linakishinda kijumba, nakubali kabisa. Kama ungekuwa unakwenda kambi moja na kukaa wiki tatu bila kuhama, ningekwambia nunua. Lakini wewe nakufahamu, leo Muleba, kesho Chato, keshokutwa umeshafika Musoma.

Njoo kwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 huna tena foleni ya kivuko upande huo. Njoo na pikapu yako na boti nyuma, tukipandishe kijumba changu, ulale nacho siku mbili pwani ya Magu. Ila kabla hujaondoka Bukoba, chukua futikamba upime bodi: urefu wake, na upana pale katikati ambapo tairi zinaingilia ndani. Nitumie vipimo hivyo nijue kama kitaingia. Na kama senene bado zipo, shemeji yako amekumbusha.

Ndugu yako,
Bahati