Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii: Fedha ya mgeni isimfikie mwenyeji kabla mlango haujafunguliwa

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Jioni moja nilisimama mbele ya nyumba niliyokuwa nimeilipia siku saba. Mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, alikuwa amekalia begi, na wanangu wawili walikuwa wamelala garini. Nikabisha hodi. Mwanamke aliyefungua alinitazama, akaitazama mizigo, na kabla sijamaliza salamu akaniuliza kwa upole, "Na nyinyi mmelipia?"

Tulikuwa familia ya tatu kufika mlangoni kwake mwezi ule.

Nyumba ilikuwa ileile ya kwenye picha, baraza lilelile, mpaka ngazi za mbele. Picha zilichukuliwa kwenye tangazo la zamani la kuiuza, na yeye ndiye aliyeinunua. Hajawahi kuipangisha hata usiku mmoja.

Naomba nikueleze nilivyofika pale, kwa sababu wengi hudhani anayetapeliwa hivi ni mtu asiyeuliza maswali. Mimi niliuliza. Tangazo nililiona kwenye jukwaa linalojulikana la mtandaoni la kupangisha nyumba za likizo. Mwenyeji alijibu haraka na kwa adabu, akaniuliza habari za magoti ya mama, akaniahidi chumba cha chini kisicho na ngazi. Siku ya tatu akasema kalenda yake ina hitilafu na ada ya jukwaa ni kubwa mno. Nikimtumia fedha moja kwa moja benki, atanipunguzia sehemu ya kumi ya bei. Akaniletea kiungo cha ukurasa uliofanana kabisa na wa jukwaa, pamoja na mkataba wenye jina langu. Nikalipa.

Onyo la kutolipa nje ya jukwaa nilikuwa nimelisikia. Lakini sababu aliyoitoa niliiamini kwa kuwa ina ukweli ndani yake, na hapa ndipo ningependa utulie kidogo, Mheshimiwa. Kila aliyewahi kutafuta nyumba ya likizo anajua kwamba bei ya ukurasa wa kwanza siyo atakayolipa. Mwishoni huongezeka ada ya usafi, ada ya huduma na kodi, na pengo hilo humchosha mtu mpaka akaanza kutafuta njia ya kulikwepa. Tapeli anasubiri hapohapo. Bei iliyofichwa ndiyo inayompa maneno ya kusema. Marekani, tangu tarehe 12 Mei 2025, kanuni ya shirikisho inawataka wanaotangaza malazi ya muda mfupi waonyeshe bei ya jumla tangu mwanzo, ikiwa na ada zote za lazima isipokuwa kodi za serikali. Kanuni kama hiyo ingemnyang'anya tapeli wangu hoja yake ya kwanza.

Nilipoanza kudai, kila mlango ulinipa jibu la kweli. Benki iliniambia nilituma fedha kwa hiari yangu. Ningelipa kwa kadi ningekuwa na njia ya kupinga malipo, lakini uhamisho wa moja kwa moja ukishapokelewa ni vigumu mno kuurudisha. Jukwaa likasema halina rekodi ya mimi kuweka nafasi. Polisi waliandika maelezo yangu, wakanieleza kwamba akaunti ile ilikuwa imeshakaushwa. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Ninachokililia ni kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa na wajibu wa kisheria wa kuuliza, kabla ya siku ile, kama mtu yule ana nyumba.

Wajibu huo unawezekana. Japani ina sheria inayofanya kazi tangu Juni 2018: anayepangisha nyumba yake kwa wageni lazima ajiandikishe, na hawezi kupangisha zaidi ya siku 180 kwa mwaka. Jiji la New York lilianza Septemba 2023 kuyazuia majukwaa kupitisha malipo ya mwenyeji asiyesajiliwa. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni yake mwaka 2024, ikapangwa kuanza kutumika tarehe 20 Mei 2026, na ndani yake mna utaratibu wa namba za usajili zinazoonekana kwenye matangazo.

Hata hivyo sheria hizo zilisukumwa zaidi na uhaba wa nyumba za wakazi na malalamiko ya majirani. Mgeni alinufaika kwa pembeni tu. Yetu naomba imfikirie na yeye. Namba peke yake inaweza kunakiliwa kama picha zilivyonakiliwa. Kwa hiyo mtu akiiandika kwenye rejesta ya serikali aone anwani ya nyumba, na aone kama jina la mwenye kibali ndilo jina la akaunti anayotakiwa kuilipa. Ningekuwa na kitu hicho, ningekitumia kwa dakika moja nikiwa bado nyumbani.

Yapo pia mengine, kama mwenyeji anayeghairi siku mbili kabla ya safari ili ampangishe mwingine kwa bei ya juu. Hayo faini inayoeleweka inaweza kuyatibu.

Ombi langu kubwa ni la fedha. Baadhi ya majukwaa makubwa huishikilia mpaka takriban saa 24 baada ya mgeni kuingia, ndipo mwenyeji hulipwa. Huo ni utaratibu wao wenyewe, na ukitoka nje ya jukwaa unakwisha. Naomba uwe sheria kwa kila nafasi ya likizo inayolipiwa kabla, iwe kupitia jukwaa au kwa mwenyeji mwenyewe: fedha ishikiliwe na benki kwenye akaunti ya amana, mwenyeji asiweze kuigusa, mpaka mgeni awe ndani.

Najua wenyeji wadogo watahofia kucheleweshewa fedha. Lakini usiku ule mwanamke yule alitupigia simu huku na kule, akatupatia chumba kwa mjane mmoja mtaa wa pili anayepangisha vyumba viwili. Nilipomnyooshea fedha mlangoni alikataa. Akasema tulale kwanza, tuone chumba, maji na kufuli. Asubuhi ndipo tumlipe. Aliniambia wageni wake wamepungua kwa sababu watu wanaogopa, na hivyo ndivyo anavyowaondolea hofu.

Nakala za ujumbe, risiti ya benki na maelezo niliyoandikisha polisi ninazo zote. Nitazileta siku yoyote utakayoniita, na mwanamke wa nyumba ile amekubali kufuatana nami.

Wako mwaminifu,
Mgeni wa tatu