Mdogo wangu, nasikia Aprili hii unapanda tena

Mdogo wangu,

Habari zako nimezipata kwa binti wa shangazi, si kwako. Ameniambia wiki ile ile unapanda tena mlima, na mbwa yule yule, na kwamba unafanya hivyo kumkumbuka Mama. Simu zangu hupokei. Ujumbe unausoma, unanyamaza. Basi naandika hapa, kwa sababu najua hapa huwa unapita. Wasomaji wengine mtanivumilia.

Usidhani sijui ninachokisema. Tangu msiba ule nimeusoma mlima wako kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote. Mwanzoni niliudharau. Mlima Washington una mita 1,917, na Nkungwe wetu kule Mahale una mita 2,462, na watu wanapanda wakitoka jasho. Kumbe urefu si hoja. Huko kwenu New Hampshire, Marekani, dhoruba zinapishana juu ya kilele hicho, na tarehe 12 Aprili 1934 palipimwa upepo wa maili 231 kwa saa, yaani kilomita 372. Aprili, mdogo wangu, si Januari. Bondeni mnaona majani yanachipua mnavaa fulana, juu bado ni barafu.

Mengine ulinifundisha mwenyewe, enzi zile tukiongea hadi salio linakatika. Uliniambia theluji iliyokanyagwa na wapandaji tangu Desemba hugandamana katikati ya njia ikawa tuta jembamba la barafu, na pembeni imeshalegea, ukikosea hatua unazama mpaka paja. Uliniambia asubuhi inakubeba kwa sababu imeganda usiku, mchana jua likiipiga haikubebi tena. Kwa hiyo ulijua. Mtu asiyejua namhurumia, wewe ulijua ukaanza safari saa tano asubuhi, eti mbwa alichelewa kula.

Na ulijua Mama hali yake si nzuri. Nilikupigia, nikakuambia usiende mbali na simu. Ukasema, "Dada, nikishuka tu nitapiga."

Alifariki alfajiri, mvua inanyesha. Nilikupigia kabla sijampigia baba mdogo. Haukupatikana. Nikapiga wakati wa kumwosha, nikapiga wanaume walipokuwa wanatoka na jeneza. Alasiri aliswaliwa, akazikwa. Unasema tungemweka mochwari siku mbili upande ndege. Mama mwenyewe alituusia asilale mochwari hata usiku mmoja, na siku anausia ulikuwa kwenye simu, ukaitika. Ulitaka nimvunjie usia wake kwa ajili ya mtu ambaye sikujua hata yuko bonde gani? Nilifanya alivyotaka. Leo ningefanya vile vile.

Lakini si hilo unalonichunia. Ni ile simu.

Ulipiga kesho yake jioni. Wanawake wamejaa kwenye mikeka, nikatoka nje kwenye mwembe. Sijasema hata haloo vizuri, umeshaanza. "Dada huwezi kuamini!" Kijito kilikuwa kimefunikwa na theluji, juu panaonekana pagumu, chini maji ya theluji iliyoyeyuka yanakwenda kasi. Mbwa akatangulia, theluji ikakatika, akatumbukia. Ukalala kifudifudi ukamvuta kwa mkanda wa shingoni. Ukaniambia alivyotetemeka, halafu alivyoacha kutetemeka akaanza kuyumba, na hapo ndipo ulipoogopa kweli, kwa sababu mwili ukiacha kutetemeka kabla haujapata joto ujue unashindwa. Ukamfuta kwa shati lako, ukaingia naye kwenye mfuko wa kulalia, ukakesha unamsugua kifua. Alfajiri akakulamba uso. Hapo ukacheka. Ulicheka sana, kicheko chako kile cha utotoni.

Ndiyo, nilikuacha umalize. Unaniuliza niliwezaje kukusikiliza unacheka na Mama yuko ardhini. Nami nakuuliza, ulitaka nikukate wapi? Kwenye kijito? Ulikuwa peke yako kwenye gari, mikono imekufa ganzi, na barabara ndefu mbele yako. Nilikuacha ucheke kwa sababu nilijua utakaa muda mrefu bila kucheka tena. Halafu nikakwambia. Hata shangazi anasema nilifanya vizuri, na shangazi si mtu wa kunisifu.

Mimi kisichonitoka ni kwamba hukuuliza. Maneno yote yale, na hukusema, "Mama anaendeleaje?"

Simchukii mbwa wako. Waambie marafiki zako wanaosema dada yako ni mtu wa dini tu hataki mbwa. Unakumbuka Popi alivyolamba sufuria ya mchuzi, Mama akakusimamia uioshe mara saba, moja kwa udongo, huku unalia. Na jioni yake ni Mama aliyetoka na ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, akampelekea nyuma ya ua, akaniambia nisimwambie Baba. Ndani hakumruhusu, njaa hakumwachia. Basi mimi nina haki ya kukuambia habari za mbwa.

Mfunge kamba mkifika kwenye vijito na kwenye kingo. Mpake nta kwenye nyayo au mvalishe vile viatu vyake, kwa sababu theluji inaganda katikati ya vidole inakuwa vidonge vya barafu, na ile ngozi ngumu ya juu ya theluji inamchana miguu. Yale meno ya chuma unayovaa chini ya viatu yasimkanyage. Yeye ndiye atakayekufuata hata ukikosea, hajui kukuambia turudi. Rudini saa sita mchana, mmefika kileleni hamjafika. Nimesoma kwamba huko mtu akiokolewa kwa uzembe wake jimbo linaweza kumdai gharama. Sina pesa za kukuchangia, pesa yote ilikwenda kwenye matibabu, na risiti ninazo kama wewe na binti wa shangazi mnataka kuziona.

Samahani. Hilo sikutaka kuliandika hapa, lakini limeshaandikwa na liache libaki.

Sikukatazi kupanda. Ungekuja Ujiji tukamsomea Mama hitima pamoja ningefurahi zaidi, na chumba chako nimekipaka chokaa. Kama ni lazima upande, nasikia wapandaji wenye akili humwachia mtu mmoja taarifa: jina la njia, saa ya kuanza, saa ya kurudi, na saa ambayo ikipita bila simu aite waokoaji. Safari ile hukumwachia mtu yeyote. Safari hii nataka mtu huyo niwe mimi. Ukishuka saa kumi jioni, huku ni saa tano usiku, nitakuwa macho. Namba ya waokoaji wa huko nitumie mapema, na Kiingereza changu kinatosha kuwaeleza kwamba mdogo wangu yuko mlimani na mbwa, na ni wa rangi gani.

Niandikie hata kama hutaki kuongea na mimi. Jina la njia na saa, basi.

Dada yako