Fedha za utafiti wa ubia: tuingie mezani na fungu letu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu fedha za utafiti wa tiba, hasa ule unaofanywa kwa ubia kati ya taasisi zetu na za nje. Nimefanya kazi maabara kwa zaidi ya miaka ishirini, na haya ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu.

Sina ugomvi na ubia. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021, ilipita Korogwe, Bagamoyo na Kilifi. Majaribio yake ya awamu ya tatu yalihusisha vituo 11 katika nchi saba za Afrika na watoto 15,459. Hakuna nchi ya ukanda huu ambayo ingeumudu mzigo huo peke yake. Na milango haijafungwa yote: ubia wa Ulaya na Afrika wa majaribio ya tiba, EDCTP, ulioanza 2003, bado unakaribisha maombi ya fedha. Umoja wa Ulaya uliitengea awamu ya sasa euro milioni 800 ilipoanzishwa. Vijana wetu wayafuatilie matangazo hayo.

Kinachoniuma ni namna tunavyoingia. Mara nyingi barua pepe inatufikia zikiwa zimebaki wiki mbili au tatu dirisha la maombi lifungwe. Andiko limekwisha kuandikwa, swali limechaguliwa, bajeti imegawanywa. Sisi tunaombwa jina la mtafiti, barua ya mkurugenzi na idadi ya wagonjwa tunaoweza kuwapata kwa mwezi. Tunakubali, maana tukikataa ataombwa jirani. Mwenzangu mmoja, daktari wa watoto, alikuwa na swali lake la miaka mingi: mtoto analetwa na homa kali, kipimo kinaonyesha hana malaria, sasa anaumwa nini? Alikuwa akiwaandika kwenye daftari la kaunta, mtoto mmoja mmoja. Hakuwahi kupata hata shilingi milioni tano za kukusanya takwimu za awali, na andiko lisilo na takwimu za awali halifiki mbali kwa mfadhili. Amestaafu, daftari amekwenda nalo nyumbani.

Liko pia suala la kinachobaki mradi ukiisha. Katika kituo nilichofanyia kazi, mradi mkubwa ulifungwa Juni, na fungu la dizeli likaisha siku hiyo hiyo. Agosti umeme ukakatika saa mbili usiku. Friza ya nyuzi hasi 80 ilikuwa imejaa. Tulichangishana pale pale, mlinzi naye akatoa elfu mbili yake, tukapata lita ishirini. Jenereta likazima kabla ya alfajiri. Asubuhi kioo cha friza kilikuwa kinasoma hasi 31. Ndani mlikuwa na vichupa vya damu ya watoto, kila kimoja na namba niliyoiandika kwa mkono wangu, na vingi havikufaa tena kwa vipimo tulivyovikusudia. Yupo mama aliyeniuliza nikiwa namtoa mwanawe damu, "Hii mnakwenda kuifanyia nini?" Nilimjibu kwamba itawasaidia watoto wengine. Jibu lile linanisumbua mpaka leo.

Wakurugenzi wetu waliangalie hili kabla ya kusaini, kwa sababu wafadhili hawalingani. Kanuni za Ulaya zinaongeza asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja, kwa ajili ya umeme, majengo na uendeshaji. Taasisi za taifa za afya za Marekani, NIH, kwa miaka mingi ziliwapa washirika wa nje asilimia 8 tu. Tofauti hiyo ndiyo dizeli.

Halafu ikaja 2025. Mei 1, NIH ilitangaza kusitisha ruzuku mpya ambazo chuo cha Marekani hupokea kisha kumgawia mshirika wa nchi nyingine, mpaka uwekwe utaratibu mpya. Miradi mingi ya Afrika Mashariki ilikuwa inakula kwa mkono huo. Siwalaumu Wamarekani, fedha ni za walipa kodi wao. Najilaumu mimi na wenzangu wote wa huku, kwa sababu Januari 2007, Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walihimiza kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti ifikapo 2010. Wenzetu wa Kenya waliandika asilimia 2 kwenye sheria yao ya 2013. Fedha zenyewe hazijafikia huko, kwao wala kwetu.

Tanzania tunao mfuko tayari, MTUSATE, yaani Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Naomba ndani yake litengwe fungu la utafiti wa tiba lenye kazi mbili tu: kumpa mtafiti fedha ndogo za kulipima swali lake kabla hajaenda kutafuta wabia, na kuishikilia maabara kati ya mradi na mradi. Sehemu yake iwekwe pamoja na za majirani, maana magonjwa hayajui mpaka. Homa ya virusi vya Marburg ilizuka Kagera Machi 2023, ikazuka Rwanda Septemba 2024, ikarudi Kagera Januari 2025. Rwanda walianza kutoa chanjo ya majaribio Oktoba 6, siku tisa baada ya kutangaza ugonjwa, na chanjo yenyewe ilitoka kwa taasisi ya Marekani. Popo wa matunda wanaobeba virusi hivyo ni wale wale pande zote za mpaka, lakini sioni kwa nini swali la popo hao lisubiri kutangazwa Brussels au Washington.

Wabunge wetu hukaa Dodoma kwa bajeti kuanzia Aprili. Namwomba yeyote kati yao atakayeisoma barua hii asimame aulize: MTUSATE ilitengewa shilingi ngapi mwaka huu, na katika hizo zimetoka ngapi?

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Dar es Salaam