Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi wetu wapendwa na wahitimu,

Tunakushukuru sana kwa kuitikia mwaliko wetu, maana tunajua majukumu yako na tunaijua barabara ya kupandia huku baada ya mvua.

Klabu hii ilianza na wanafunzi wachache waliokutana chini ya mparachichi ule. Leo ni nguzo ya taaluma katika kata nzima. Mwaka huu tumefanya utafiti mkubwa juu ya familia ya Marealle wa Marangu, na mabango yake yako ukutani nyuma yako.

Kwa ufupi, Marealle alikuwa Mangi, yaani chifu, wa Marangu enzi za Wajerumani. Mjukuu wake Thomas, aliyezaliwa 1915, alichaguliwa Mangi Mkuu wa Wachagga mwaka 1951 na kusimikwa 1952. Petro Itosi, wa ukoo huohuo, alikuwa Mangi Mwitori, yaani mangi wa tarafa, wa Vunjo. Mwaka 1957 Thomas alizungumza New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa.

Bango lililosomwa kuliko yote ni la mwaka 1960. Wachagga waliulizwa kwa kura kama wanataka kubaki na Mangi Mkuu au wawe na rais wa kuchaguliwa. Wakataka rais, na nafasi hiyo akaishika Solomon Eliufoo. Jina la babu lilikuwa bado kubwa, lakini wananchi walikuwa na hesabu zao. Wewe nawe, Mheshimiwa, umetoka katika nyumba ya uongozi, ndiyo maana tuliona habari hii ikufikie wewe kwanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuje kwenye maktaba.

Vitabu vya utafiti huu vimo kwenye maboksi, stoo, pamoja na majembe na ndoo. Ukitaka kusoma, unaanza kwa kukung'uta uchafu wa panya. Jengo la maktaba lipo, umepita mbele yake ulipoingia. Kuta zimeishia kwenye lenta, nondo zimeota kutu, na ndani imeota migomba ambayo sasa inakaribia kuzaa. Jiwe la msingi ni zima, tunalisafisha kila mahafali. Mgeni aliyeliweka aliahidi bati. Aliyemfuata alisema bati ziko njiani. Wa tatu alitaka barua. Tukaiandika, tukaipeleka kwa mkono, nakala yetu ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Hatumlaumu mtu, kwa kuwa mambo ya viongozi ni mengi. Ila wazazi wanatuuliza, nasi hatuna jibu jipya la kuwapa.

Wazazi hawa walimaliza sehemu yao. Walichanga mawe na mchanga, na siku za msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kina mama walibeba maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, ya kuchanganyia zege, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Haki yao tusiipoteze.

Tunachoomba ni paa tu: mbao za kenchi, bati na misumari. Makadirio ya fundi yamo kwenye bahasha utakayokabidhiwa. Plasta na rafu wazazi wamekubali kuzibeba. Kama vyote haviwezekani kwa mpigo mmoja, anza na kenchi, bati zifuate.

Tunaomba pia, kwa heshima zote, utakaposimama kuzungumza ututajie mwezi ambao vifaa vitafika, ili Katibu auandike kwenye daftari la kumbukumbu wazazi wakisikia. Na kama haitawezekana, tuambie leo hii. Tutakushukuru vilevile, kisha Januari tutaitisha harambee wenyewe, kabla masika hayajazinyeshea tena kuta hizi.

Naomba kuwasilisha.