Bima ya WIBA isikatwe kwa mishahara ya kupunguza

Mhariri,

Wenye karakana wengi wa Kibuye na kwingineko hapa Kisumu wanapokata bima ya WIBA, yaani bima ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, hutaka tu cheti cha kumwonyesha mkaguzi au mteja mwenye kandarasi. Ili ada iwe ndogo, wanataja mafundi wawili badala ya watano, na mshahara nusu ya ule wanaolipa. Bima hiyo imeharibika kabla ya ajali yoyote kutokea.

Ada hutokana na jumla ya mishahara ya mwaka mzima na kiwango kinachofuata hatari ya kazi. Kwa karani hutozwa kidogo kuliko kwa fundi wa msumeno wa umeme au wa kuchomelea vyuma. Tuseme una mafundi 4, kila mmoja Sh18,000 kwa mwezi: jumla ya mwaka ni Sh864,000. Kiwango kikiwa asilimia 1, kwa mfano, utalipa Sh8,640 kabla ya tozo. Anayetangaza nusu ameokoa Sh4,320.

Sasa msumeno umekata vidole. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inampa aliyelemaa kabisa mapato ya miezi 96, na aliyelemaa kiasi hupata sehemu yake. Ulemavu ukipimwa kuwa asilimia 10, fundi wa Sh18,000 anastahili Sh172,800. Kampuni iliyoambiwa analipwa Sh9,000 ina sababu ya kutoa Sh86,400 tu. Nusu ya pili utadaiwa wewe, maana mwenye wajibu wa fidia ni mwajiri, bima iwepo isiwepo. Bado kuna gharama za matibabu, na mapato ya fundi akiwa hawezi kazi kwa siku 3 au zaidi, ambayo huweza kuendelea hadi miezi 12. Michango ya SHA (bima ya afya) na NSSF (akiba ya uzeeni) haiondoi mzigo huu.

Mwanagenzi pia ni mfanyakazi kwa sheria hii, kwa hiyo jina la kijana anayejifunza kazi liwe kwenye orodha. Wewe mwenye karakana hauko kwenye bima hii. Ukishika mashine mwenyewe, ulizia bima ya ajali binafsi.

Ajali ikitokea, wengi humpigia simu wakala wa bima wakaona wamemaliza. Hawajamaliza. Mwajiri anatakiwa kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kwa fomu yake, ndani ya siku 7. Kifo huripotiwa ndani ya saa 24. Kampuni ya bima huarifiwa kando, kwa maandishi, kwa muda uliotajwa kwenye hati yako. Dai lenyewe lisipite miezi 12 tangu ajali. Tunasisitiza hili kwa sababu anayeumia ndiye anayepoteza: mwajiri anamlipia hospitali, wanaelewana kwa mdomo, kidonda kinapona lakini mkono haukunji, na mwaka umeshapita bila karatasi yoyote.

Mawakala nao waache kuandika takwimu anazokisia mteja. Waombe daftari la malipo, au rekodi za M-Pesa kama daftari halipo. Na fundi akiajiriwa katikati ya mwaka, jina na mshahara wake viifikie kampuni ya bima kwa maandishi kabla hajawasha mashine.

Washauri wa bima,
Kisumu